Hukuzaliwa Mpole

Ruwaida mwanangu,

Barua hii haiendi mbali. Wewe umelala chumba cha pili, mimi niko mezani hapa sebuleni, mjomba wako anakoroma kwenye kochi, na ukuta uliopo kati yetu ni mwembamba kiasi cha kukusikia ukijigeuza kitandani. Ningeweza kukuamsha nikuambie ana kwa ana. Lakini najijua. Nikianza kusema nitapaza sauti, babako atatoka na shuka kiunoni kuja kututuliza, wewe utasema "sawa, mama," na mambo yataishia hapo. Hiyo "sawa, mama" yako imenichosha. Ndiyo maana naandika.

Sina maneno ya blanketi, wala ya matumizi, wala ya vyakula vya njiani. Hayo babako ameyarudia mpaka basi, na shangazi zako wamekutumia kwenye simu. Mimi nina hasira. Nataka kesho uondoke hapa Kinoo kwenda chuoni Eldoret ukijua ni hasira ya nini, maana leo mchana uliponiona uso umenibadilika nadhani ulijiuliza umenikosea wapi. Hukunikosea.

Lililonikasirisha ni neno. Ulikuwepo. Pilau imeshaliwa, watu wanashushia chai, mjomba wako Swaleh akajifuta mikono na kukaa sawa kwenye kiti. Kaka yangu nampenda. Ametoka Mombasa kwa ajili yako, na mgongo wake ule mbovu. Lakini akipewa chai na hadhira hawezi kujizuia. Akasema uuguzi ndiyo kazi inayokufaa. "Huyu mtoto ni mpole kwa asili," akasema. "Wengine hufundishwa upole. Huyu ni maumbile yake, kazaliwa nao. Na mwacha asili ni mtumwa, Ruwaida. Usije ukabadilika huko Eldoret."

Watu wakaitikia. Babako akatikisa kichwa kama aliyesifiwa yeye. Na wewe ukainama ukasema, "Inshallah, mjomba."

Hapo ndipo Mama Nekesa alipocheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango tangu afike, na kikombe chake, na ule mfuko wa njugu aliokuletea kutoka Kabiria, mtaa wetu wa zamani. "Huyu? Mpole?" akasema. "Mjomba, huyu mtoto alikuwa na mdomo! Kabiria yote ilikuwa inamjua. Yeye na Nekesa wangu, wakianza kuuliza maswali, hata mwenye duka alikuwa anafunga mapema."

Mjomba wako akacheka kwa adabu tu. Hakujua ameambiwa nini. Wewe ukainuka ukaanza kukusanya glasi, zingine bado zina maji, ukaenda nazo jikoni. Nikakufuata. Nilikukuta umeshika sinki kwa mikono miwili, taya imekaza, shingo imesimama mishipa. Nikakuuliza, "Una nini?"

"Hamna kitu, mama."

Jina la Nekesa halijatajwa ndani ya nyumba hii kwa miaka mingi. Babako alisema tusikutoneshe kidonda, nami nikakubali. Leo mama yake mwenyewe kalitaja kwa kicheko, mbele ya wageni, na wewe ukakimbilia sinki. Basi mimi nitalitaja pia. Nitakuambia yote, hata yale unayodhani unayakumbuka, kwa sababu ulikuwa mtoto, na mtoto hukumbuka maji lakini hajui watu wazima walisema nini baadaye.

Kwanza nikuambie kwa nini neno hili linaniwasha. Nimeuza vitambaa katikati ya mji tangu hujazaliwa. Neno asili nalisikia kila siku. Mteja anashika kitambaa anauliza, "Mama, hii ni pamba asili ama ni ya kuchanganya?" Pale dukani neno ni safi. Maana yake kitu hakijaghushiwa, na mteja akibisha nachomoa uzi, nawasha kiberiti, anauona unavyoungua na kunusa moshi wake, tunamalizana. Lakini neno hilohilo likianza kusemwa juu ya watu, hakuna anayewasha kiberiti. Likishatamkwa, mjadala umefungwa.

Nilipoletwa Nairobi ningali bibi harusi, tulikwenda kutafuta chumba Riruta. Mwenye ploti akalitazama buibui langu, akauliza, "Asili yenu ni wapi?" Nikasema Mombasa. "Hapana," akasema, "asili asili." Alitaka nimtajie nchi ambayo sijawahi kuiona hata kwenye ramani. Nilipokwenda kutafuta kitambulisho niliulizwa vilevile, nikaambiwa nilete cheti cha babu, marehemu ambaye enzi zake hakuna aliyekuwa akiandikiwa vyeti. Wenye maduka jirani nao wakaniambia watu wa pwani kwa asili ni wavivu, wananiambia hivyo huku wao wanafungua kufuli na mimi nimeshauza kanga ya kwanza. Nilicheka. Nilicheka sana miaka ile, Ruwaida. Nilidhani ni maneno ya watu wasio na kazi. Sikujua kwamba neno laweza kuua.

Tulihamia Kabiria ulipoanza darasa la kwanza. Vyumba vya mabati na mawe vimepangwa mstari mmoja kuteremka mpaka kijitoni, sisi katikati, Mama Nekesa na mumewe chumba cha mwisho chini. Walikuwa wametoka Bungoma. Mume alikuwa fundi wa kujenga, mke akifulia watu nguo mitaa ya juu na kuimba kwaya Jumapili. Sisi Waislamu, wao Wakristo, na kwenu nyie wawili tofauti hiyo ilikuwa na maana moja tu: sikukuu zilikuwa mara mbili. Nekesa alikuwa mkubwa kwako kidogo, mrefu, ana mwanya. Mlikuwa mnakwenda shule pamoja, mnarudi pamoja, na mkirudi mnapita kila kibanda mkiuliza. Kwa nini sukari imepanda? Kwa nini mbwa wa kinyozi hana jina? Fundi viatu wa pale njiani, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwavuli, alikuwa akiwaona tu anasema, "Polisi wamekuja."

Ndivyo ulivyokuwa. Ulikuwa na sauti kama ya muuza samaki. Ulinibishia kila kitu. Mwalimu wa madrasa aliniita mara mbili kunilalamikia kwamba unamkatiza. Nilikuwa naona haya kwa watu, lakini usiku nikimsimulia babako tulikuwa tunacheka mpaka tunafunika midomo.

Kisha akaja yule mtu ng'ambo ya kijito. Jina lake sikulijua wakati ule, na nilipolijua nilikataa kulikumbuka, kwa hiyo namwita mwenye ukuta. Alinunua kile kipande cha chini ambapo hakuna mtu aliyewahi kujenga, palipokuwa na magugu na migomba. Malori yakaleta udongo na vifusi, yakamwaga mpaka ukingoni, kisha ndani yake. Halafu ukuta ukaanza kupanda, mawe makubwa, mrefu kuliko mwanamume. Kijito kilichokuwa kikijinyoosha kila mvua mpaka kwenye migomba kikabaki upana wa kitanda, kimebanwa kuja upande wetu.

Kila mtu aliona. Baba Nekesa, ambaye kazi yake ni kujenga, aliona. Mimi niliona. Tulisemezana kwa sauti ndogo, tukisuka nywele, tukichambua mchele. Hakuna aliyevuka kwenda kusema.

Mlivuka nyinyi. Ilikuwa Jumamosi, nipo nyumbani, naanika nguo. Mwenye ukuta alikuja kukagua kazi yake, viatu vinang'aa, anakanyaga kwenye mbao. Nikakuona umesimama mbele yake, mikono kiunoni, Nekesa nyuma yako.

"Maji yatapita wapi?" ukamwuliza.

Akacheka. "Maji ni maji. Itajitafutia njia."

"Njia yake ni hapa," ukasema. "Wewe umeijaza mawe."

"Tena na mchanga!" akadakia Nekesa.

Mafundi wakaacha kazi, wanacheka chini chini. Yule mtu hakupenda kuchekwa mbele ya vibarua wake. Akaniona nakuja mbio, akaniambia, "Mama, huyu msichana wako hana adabu. Wasichana wa Kiislamu si huwa wapole? Ama huyu si wenu?"

Unajua nilifanya nini. Sijui kama unakumbuka, lakini mkono wako unakumbuka. Nilikufinya hapa juu ya kiwiko mpaka ukapiga kelele, nikakuambia mwombe mzee radhi. Ulinitazama kwanza. Ulinitazama kama mtu anayesubiri nimalize mzaha. Kisha ukasema, "Nisamehe, mzee," na mimi nikaongeza, "Msamehe, ni mtoto." Tukarudi. Njiani Nekesa alinitazama kwa pembe ya jicho, nami nikamwona, nikakasirika zaidi.

Mvua za msimu ule zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja. Siku yenyewe nilikuwa dukani. Mchana kweupe mji ukawa giza, maji yakawa yanatiririka barabarani yakiingia maduka ya chini, magari yakasimama. Sikungoja. Nikavua viatu nikatembea, mara nyingine nikishika ua wa watu nisichukuliwe. Nilipofika Kabiria usiku ulikuwa umeshaingia, umeme umekatika, watu wanamulika kwa simu. Vyumba vya chini havikuwepo. Nakwambia havikuwepo, palikuwa na maji meusi yanapita kwa kasi na bati moja limesimama wima.

Wewe ulikuwa umekalishwa juu ya meza ya fundi viatu, umefunikwa koti lake. Yeye ndiye aliyekutoa. Mlikuwa chumbani kwa kina Nekesa mkifanya kazi ya shule, maji yakaja yakasukuma mlango usifunguke, akavunja dirisha akakuvuta wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu. Hakuna sababu nyingine, mwanangu. Ulikuwa karibu. Alipogeuka kumfuata Nekesa, ukuta wa chumba ulilala ukamfunika.

Nikakukumbatia. Ulikuwa hutetemeki. Ukaniambia, "Mama, nilimwambia."

Sikuelewa. Nikauliza, "Ulimwambia nani?"

"Yule mzee. Nilimwambia. Nilimwambia, mama. Nilimwambia."

Nikakubana kifuani nikakuambia lile neno ambalo kila mama wa Kiswahili humwambia mtoto anayelia: "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza." Nilikuwa nakubembeleza. Katika lugha yetu kumbembeleza mtu na kumfunga mdomo ni neno moja, na mpaka usiku ule sikuwahi kuliona hilo.

Ukanyamaza. Ulinyamaza kuliko nilivyokuomba.

Sasa sikiliza yaliyosemwa na wakubwa. Siku chache baadaye kuliitishwa baraza kwenye uwanja wa shule. Mkubwa mmoja wa serikali akasimama na mwavuli ameshikiwa. Akatupa pole. Akasema, "Ndugu zangu, hapa hakuna mtu wa kulaumiwa. Hii ni maumbile. Mvua ikiamua, imeamua." Mchungaji akasema amina, na shekhe wetu naye akatikisa kichwa. Mwenye ukuta alikuwa amekaa viti vya mbele. Alikuwa ameleta magodoro na unga, watu wakimshukuru.

Mama Nekesa akasimama. Mtoto wake bado alikuwa hajazikwa. Alikuwa amevaa kanga yangu kwa sababu zake zote zilikwenda na maji. Akasema, "Mvua ni ya Mungu, hiyo nimekubali. Ukuta ni ya nani?"

Nilisikia matone yakianguka kutoka kwenye paa la darasa.

Yule mkubwa akatabasamu kwa huruma. "Tunaelewa mama ako na uchungu," akasema. "Mwanamke kwa asili, akifiwa, lazima ataongea." Kisha akaomba tufunge kwa sala.

Umeona walivyofanya? Ukuta uliomwua mtoto waliuita maumbile, na mama aliyeuliza habari za ukuta wakaliita swali lake maumbile pia. Mkononi walikuwa na neno moja tu, wakafunika nalo maiti na wakamfunika nalo mwenye kuuliza. Nilisimama pale ikanipanda hasira ambayo sikuwahi kuijua. Mpaka leo haijashuka.

Walikwenda kumzika Bungoma. Mama Nekesa aliporudi hakupumzika. Alikuja begi bado liko mkononi, akautafuta mtaimbo wa mumewe uliokuwa umesalimika kazini, akavuka kijito kilichokuwa kimeshapungua, akaanza kuupiga ukuta. Mwanamke mmoja akamfuata na nyundo, mwingine na jembe. Mimi sikuwa na zana. Nilichukua mchi wa kinu. Mchi ule niliopewa na mamangu siku ya harusi ulipasuka, nikaendelea na kipande. Tulipiga mpaka tukatoboa tundu la kupitisha kichwa, na tungeendelea, lakini polisi walifika.

Walitukalisha benchi la kituo mpaka jioni. Babako akaja kunitoa. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayegundua alikuwa analala na mgeni, "Kwani umekuwa nani? Hii si hulka yako."

Nikamwambia, "Hulka yangu huijui bado. Hata mimi ndiyo kwanza naiona."

Ukuta ulizibwa. Waliuziba kwa saruji nzuri kuliko ya kwanza. Mwaka ulipogeuka likaja tingatinga. Walikuja watu wenye makoti ya kung'aa wakasema wanaurudisha mto kwenye asili yake, kwamba hakuna ruhusa kujenga karibu na maji, na kwamba ni lazima tuyalinde maumbile. Tukashangilia! Mungu nisamehe, nilipiga vigelegele. Kisha wakachora alama nyekundu kwenye vyumba vyetu. Kwenye ukuta ule hawakudondosha hata tone la rangi. Mwenye ukuta alikuwa na karatasi zake, zimepigwa mihuri yote inayotakiwa. Asubuhi tingatinga likavisomba vyumba vyetu, likageuza, likaondoka.

Ndivyo tulivyofika hapa Kinoo, huku juu, mbali na kijito chochote. Umewahi kuniuliza kwa nini siwezi kuona bango la kutunza mazingira nisitukane. Uliuliza mara moja tu, na sikukujibu.

Na wewe? Wewe ulikaa majira mazima husemi ila kuomba maji na kuomba ruhusa. Shule mpya haikukujua. Mwalimu wa kwanza akaandika kwenye ripoti kwamba una tabia njema. Wa pili akaniambia, "Mtoto wako ni mpole kwa asili, umebarikiwa." Ustadhi wa hapa akasema ndiyo fitra, umbile la Mwenyezi Mungu, iliyotulia. Nikawa nazipokea sifa hizo moja moja, Ruwaida, kama mwenye duka anavyopokea wateja baada ya msimu mbaya. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa naanza duka upya, babako amepunguziwa kazi ofisini, na mtoto asiyeleta taabu ni mtoto asiyeleta taabu. Nilijua ulivyokuwa. Wale walimu hawakujua, mimi nilijua, na niliwajibu, "Alhamdulillahi."

Mwaka jana mteja alikurushia kitambaa kifuani, akasema umemuuzia kitu bandia. Ilikuwa pamba tupu, mimi mwenyewe nilikichagua. Nikakaa nyuma ya mizigo nikasema moyoni, sasa atamjibu. Ukakikunja vizuri ukasema, "Samahani, mama." Samahani ya nini? Matokeo ya mtihani yalipotoka na tukakuuliza unataka kusomea nini, ukasema, "Chochote mtakachoona." Mjomba akaona uuguzi, kila mtu akaona uuguzi. Uuguzi sina neno nao. Ni kazi ya heshima. Lile "chochote" ndilo linaloninyima usingizi.

Usidhani nakataa kwamba maumbile yapo. Bibi yako alipokufa Mombasa alikuwa amezeeka, ametuaga, akazima kama utambi ulioishiwa mafuta. Nililia, lakini sikuwa na wa kumlaumu wala sikumtafuta. Nilijua hapo nimekutana na kitu kikubwa kuliko mimi na nikakiinamia. Huko wodini utakutana nacho, na ukikutana nacho kiinamie, umshike mkono mwenye kufiwa. Lakini utakutana pia na mama aliyezaa sakafuni kwa sababu mtu fulani hakuja zamu, na atatokea mwenye koti jeupe aseme ndiyo maumbile. Utasikia kwamba watu wa kabila fulani kwa asili wanavumilia maumivu, kwa hiyo dawa ya kutuliza ipelekwe kitanda kingine. Utaambiwa wauguzi wanawake kwa hulka yao hawachoki. Wataliweka neno pale pale ambapo palistahili kuwa na jina la mtu. Mara nyingi litasemwa kwa sauti ya upole, na mtu mwema, aliyechoka. Mimi mwenyewe nimelisema hivyo.

Sikuambii ugombane na kila mmoja. Mimi niligombana na ukuta nikapasua mchi wa mamangu, na ukuta bado upo. Mwenye ukuta ana wapangaji ghorofa nne. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyemwuliza tena. Sitakudanganya kwamba ukisema mambo yatanyooka. Ulisema ukiwa mtoto, ukiwa na haki yote duniani, na hayakunyooka.

Lakini kuna jambo. Leo jioni nilimsindikiza Mama Nekesa mpaka barabarani. Amenenepa kidogo, umeona? Bado anaishi Kabiria, juu kidogo, bado anafua. Tulisimama tunangoja gari lake, nikaanza kumwomba radhi kwamba umeinuka ghafla akiongea. Akanikatiza.

"Mama Ruwaida, mimi sijakasirika. Lakini huyo mtoto ananyamazia nani?"

Nikajifanya natazama kama gari linakuja.

"Kama ni Nekesa, mwambie aache," akasema. "Nekesa hakuwa ananyamaza. Nikimwona Ruwaida amekaa hivyo kama maji ya mtungi, naona kama wamezika wawili."

Gari likaja, akapanda. Nimerudi nyumbani nikaosha sufuria zote, nikangoja mlale, nikakaa hapa.

Basi sikiliza. Ile taya niliyoiona kwenye sinki leo naijua. Ndiyo ya yule mtoto aliyesimama juu ya mbao mikono kiunoni. Ipo. Umeyabana meno juu yake miaka yote hii na haijafa. Mjomba wako anasema usibadilike. Mimi nasema umeshabadilishwa, ukiwa hujafikisha umri wa kufunga Ramadhani nzima, na waliokubadilisha ni watu: mmoja alikuwa na viatu vinavyong'aa, mmoja alikuwa na mwavuli, na mmoja ni mimi. Upole wako si asili. Ni kovu, na watu wamekuwa wakilisifu kama pambo. Ukiutaka, uchukue, uwe wako, uuchague kwa akili yako ya mtu mzima. Upole wa kuchagua ni kitu kizuri sana. Lakini usiuvae kwa sababu umeambiwa ulizaliwa nao. Mimi ndiye niliyekuzaa, na nakuambia ulitoka unapiga makelele.

Gari lako linaondoka mjini saa tatu. Babako atakuamsha alfajiri, atakuwa na haraka, atahesabu mizigo. Mimi nitakuwa jikoni natengeneza chai. Ingia, funga mlango, unigombeze. Niulize kwa nini nilikufinya. Niulize kwa nini nilimwomba radhi yule mtu, kwa nini nilinyamaza dukani, kwa nini niliitikia alhamdulillahi. Usiniite mama kipenzi, usiniambie hamna kitu. Paza sauti mpaka babako aje na mjomba wako aamke kwenye kochi akidhani nyumba inaungua. Sitakufinya. Nitasimama pale nikusikilize mpaka umalize, na chai ikipoa tutapasha nyingine.

Mamako, anayekungoja jikoni,
Zuhura